Hii ni motokari ao ni nyumba? Leta ijibu kwa maandishi

Ndugu raia, vijana wenzetu wa Lubumbashi, Likasi, Kolwezi na kwingineko,

Leo tunaandika juu ya kitu ambacho wengi watasema ni kidogo. Ni kamionete moja nyeupe, imetoka Japani, usukani uko kuume. Watatu kati yetu waliinunua kwa pesa waliyokusanya miaka miwili, franka juu ya franka. Ndani tukaweka kitanda, kabati, meza ya kukunja na jiko. Kisha tukafanya kosa ambalo katika inchi hii halisamehewi: tulikwenda sisi wenyewe kwa Leta, bila kukamatwa na mtu, kusema tumebadilisha gari na tunataka iandikwe vile ilivyo.

Miezi minne imepita. Gari bado haijaandikwa. Pesa ya kuzunguka imekwisha. Ndiyo maana tunasema hadharani.

Kwa nini kulala ndani ya gari?

Watatu hawa si watalii. Mmoja ni sudere, mwingine anafunga sola, wa tatu anatengeneza simu na redio. Kazi yao iko ku barabara: wiki moja Likasi, wiki mbili Kolwezi, kisha kurudi Lubumbashi kwa familia. Kutoka Lubumbashi mpaka Kolwezi ni kama kilometa 300. Na kila mtu anayejua Kolwezi anajua bei ya chumba kule: inafuata mshahara wa wale wa migodi, haifuati mfuko wa kijana anayejitafutia. Kabla ya kupewa ufunguo unaombwa garanti ya miezi. Ukipiga hesabu, unafanya kazi paka ya kulipa mwenye nyumba.

Kuna watakaosema kulala ndani ya gari ni mambo ya wazungu wa likizo. Ndugu, nenda Kasumbalesa usiku. Angalia foleni ya makamyo. Shofere analala ndani ya kabini siku ngapi? Konvuayeri analala chini ya remorke. Mama anayesafirisha mahindi analala juu ya mifuko yake, mvua ikinyesha anajifunika na shitingi. Katanga hii imelala barabarani tangu zamani. Sisi tulitaka paka kulala vizuri, mlango umefungwa, bila kuomba mtu ruhusa ya baraza lake.

Tulijenga kwa akili, hatukujenga ovyo

Tunaeleza kazi yenyewe, juu ya wale wanaosema vijana wanapenda fujo.

Kitanda kina urefu wa metre 1 na sentimeta 80. Kabati halikupigwa misumari. Limefungwa na bulo zinazopita sakafu, na vipande vya chuma chini, ili siku ya kufunga breki kwa nguvu lisiruke kwenye shingo ya shofere. Juu ya paa kuna sola moja ya wati 100. Batri ya volti 12 iko ndani ya kisanduku chake, na bomba la kutoa hewa nje. Fyuzi iko karibu kabisa na batri, maana waya ukichunika njiani bila fyuzi, moto unaanza pale unapolala kichwa. Maji tunabeba ndani ya bido mbili za litre 20. Jiko ni la gazi, dogo, na tulitoboa tundu la hewa chini sakafuni, kwa sababu gazi ya kupikia ni nzito kuliko hewa: ikivuja inashuka chini, haipandi.

Makala hatukukubali. Tunalisema kwa herufi kubwa kwa kila kijana anayesoma hapa: USIWASHE MBABULA NDANI YA GARI ILIYOFUNGWA. Ule moshi usioonekana hauna harufu. Unalala, huamki.

Tena, gari ikitembea hakuna mtu ku kitanda. Viti ni viwili, mbele, na mikanda yake. Tulipima uzito wa mbao kabla ya kukata. Tulibadilisha pneu mbili na tukarekebisha breki. Ndipo tukasema: sasa twende tukaandikishe.

Milango minne

Hatutataja jina la biro wala la mtu. Vita yetu ni na ule utaratibu, maana hata tukimtaja mmoja na akafukuzwa, kesho atakalia kiti mwingine na mdomo ni uleule.

Mlango wa kwanza. Karti roze yetu inasema kamionete ya mizigo. Tukaambiwa: “Rudini mutoshe kitanda, mupite kontrole, kisha murudishe kitanda.” Sikilizeni vizuri. Mtumishi wa Leta anatufundisha namna ya kudanganya Leta. Na hakusema kwa ubaya; alikuwa anatusaidia. Ndiyo hiyo inayoumiza.

Mlango wa pili. Wakasema gari yetu ni karavani, na karavani haiko ndani ya lista. Tukauliza: lista gani, tuione. Lista iko kwa shefu. Shefu iko wapi? Iko misioni. Tulirudi mara tano. Shefu alikuwa misioni mara tano. Lista haijaonekana mpaka leo.

Mlango wa tatu ulikuwa wa bei. Ndani ya koridoo moja, asubuhi moja, tulipewa bei tatu tofauti kwa karatasi moja. Ya kwanza kwa dola, ya pili kwa franka, ya tatu “mutaangalia wenyewe namna ya kutupatia kinywaji”. Tulipouliza risiti, kicheko.

Mlango wa nne ulikuwa wa asiransi, na hapo tulikutana na mama mmoja aliyetuambia ukweli. Alisema: “Bana bangu, ninaweza kuwaandikia kamionete na mulipe sasa hivi. Lakini siku mutagonga mutu, kampuni itauliza: motokari gani iligonga? Kwa karatasi ni ya mizigo. Kwa barabara ni ya kulala. Hapo batakataa kulipa, na ule mutu atalala mu hospitali bila franka.”

Tulitoka pale kimya. Tangu sheria ya 5 Januari 1973, asiransi ya kulinda mtu wa tatu ni lazima kwa kila gari katika inchi hii. Tangu Kode ya asiransi ya 17 Machi 2015, soko si la kampuni moja tena. Vizuri. Lakini asiransi inasimama juu ya karatasi, na kama karatasi inasema uongo, asiransi nayo ni uongo. Atakayelipa uongo huo ni mama anayevuka barabara na beseni kichwani. Hapo ndipo jambo letu linaacha kuwa dogo.

Ku barieri

Wakati tunangoja, tulihitaji kula, basi tulitembea na karti ya zamani. Njiani kuelekea Likasi, polisi wa rulaji alitusimamisha. Akafungua mlango wa nyuma. Akaona kitanda, na blanketi imetandikwa.

“Batoto, hii ni motokari ao ni nyumba?”

“Ni motokari, papa.”

“Munalala umu?”

“Siku ingine, papa. Tukiwa ku kazi.”

“Kama munalala umu, ni nyumba. Nyumba inatembea ku barabara na plaki? Na kama ni nyumba, karatasi ya kiwanja iko wapi?”

Tulicheka, hata yeye alicheka. Kisha tulilipa. Kurudi, tukapata mwenzake, swali lilelile, tukalipa tena. Ukifika Lualaba ni mwanzo mpya, maana tangu Katanga ilipogawanywa mara nne mwaka 2015, kuna watu wanaamini karatasi ya jimbo moja inakufa ikivuka mpaka wa jimbo lingine.

Yule papa hatumchukii. Mshahara wake tunaujua. Lakini angalia: swali lake ni la haki kabisa! Hii ni motokari ao ni nyumba? Ni swali lilelile tulilopeleka kwa milango minne. Tofauti ni kwamba sisi tuliuliza ili tupate jibu, na huku ku barabara swali linaulizwa ili lisipate jibu, maana siku litajibiwa, kinywaji kimekauka.

Mabenchi ya chuma hayakuulizwa

Wanatuambia: Leta inaogopa magari yaliyobadilishwa, ni hatari. Tunakubali, yanaweza kuwa hatari. Basi tuzungumze juu ya hatari.

Kila mtu anazijua zile Mercedes 207 za Kinshasa. Zilitoka Ulaya zikiwa gari za kubeba mizigo. Watu wakakata bati kutoboa madirisha, wakachomea mabenchi ya chuma ndani, wakajaza abiria mpaka wa mwisho ananing'inia mlangoni. Wakaaji wa Kinshasa wenyewe walizipa jina: “esprit de mort”, roho ya kifo. Jina halikutoka kwa mpinzani wala kwa muzungu. Lilitoka kwa wale waliopanda. Na zilipita mbele ya polisi mchana kweupe, miaka na miaka.

Hapa kwetu pia, angalia vizuri. Ambulansi ngapi zilikuwa minibisi ya kawaida? Gari ya maiti ngapi ilikuwa kamionete? Atelie za kutembea za makampuni, pikapu zenye tanki la mafuta nyuma? Zote zimebadilishwa, zote zinapita. Kubadilisha gari katika inchi hii si kosa. Kosa ni kubadilisha ukiwa mdogo, halafu uende kusema ukweli.

Benchi la chuma la watu ishirini lilipita. Godoro la mtu mmoja limekataliwa. Mtueleze.

Kule gari zetu zinakotoka

Hatuombi Leta igundue kitu kipya. Hizi gari tunazozipokea kupitia Dar es Salaam na Kasumbalesa zinatoka Japani. Je, Japani wanafanyaje na gari ya kulala? Wanaiandika. Inapewa plaki ya kundi la 8, kundi la magari ya kazi maalum. Na masharti yanapimwa na metre, hayapimwi na sura ya mtu: mahali pa kulala mtu mzima pawe na urefu wa metre 1,8 na upana wa sentimeta 50, kuwe na tanki la maji la litre 10 au zaidi na mahali pa kuosha, kuwe na mahali pa kupikia. Unapima, unapita ao unakataliwa.

Umoja wa Ulaya nao una sharti fupi: viti na meza, mahali pa kulala, mahali pa kupikia, mahali pa kuweka vitu, na vyote vifungwe imara. Meza peke yake inaweza kutoka. Vitu vinne! Fundi wa Katuba anaweza kuvisoma dakika moja na kuvijenga wiki moja.

Hatusemi kule ni mbinguni. Uingereza watu wengi waliobadilisha gari zao wanakataliwa, kwa sababu idara ya magari inataka gari ionekane ya kulala hata kwa nje. Wanalalamika, na wana haki. Lakini wanakataliwa kwa barua. Barua unaweza kuijibu, unaweza kuipeleka kwa mwanasheria. “Shefu iko misioni” utaijibu na nini?

Sheria zipo. Tunazitaja

Kode yetu ya barabara ilisainiwa 30 Agosti 1978, wakati inchi inaitwa Zaïre. Karibu sisi wote wa muungano huu hatukuwa tumezaliwa. Hatusemi itupwe. Tunasema yule aliye na kazi ya kuitumia aandike ukurasa mmoja tu unaosema gari iliyobadilishwa inaandikwaje leo.

Katiba ya 2006, kifungu cha 174: hakuna kodi isipokuwa iliyowekwa na sheria. Basi bei tatu za koridoo moja, angalau mbili ni wizi. Labda zote tatu.

Katiba hiyohiyo, kifungu cha 27: kila Mkongomani ana haki ya kupeleka petisyo kwa mamlaka, peke yake ao pamoja na wengine, na mamlaka inapaswa kujibu ndani ya miezi mitatu. Andiko hili ni petisyo. Tunaweka nakala ku biro, tunaomba muhuri wa kupokea, na tunaanza kuhesabu.

Wanaotuambia tunyamaze

Kuna wakubwa watakaosema: inchi ina shida ngapi, ninyi munalilia kitanda ndani ya gari? Tunajibu: shida kubwa zinalelewa na hizi ndogo. Mtoto anayeona baba yake analipa bila risiti miaka ishirini, akipewa kiti yeye atafanya nini? Kama Leta haiwezi kuandika neno moja ku karti roze, itaandika nini juu ya migodi?

Kuna vijana wenzetu nao watakaocheka: “Ninyi mulikuwa bajinga. Artikle 15! Mungenyamaza tu, mungepita.” Hapa tunawageukia, bila aibu. Ninyi munaonunua karti roze ya gari iliyokufa na kuivika gari inayotembea. Munaoazima plaki ya yaya. Munaobandika vinyeti ya mwaka jana na kuisugua tarehe: hamshindi Leta. Munaijenga. Kila udanganyifu wenu ni mshahara wa yule anayengoja ku barieri. Yeye anawapenda ninyi kuliko sisi, juu ninyi hamwezi kamwe kumuuliza risiti. Kujitafutia ni heshima. Kujificha maisha yote si heshima, ni kifungo ambacho unajilipia mwenyewe.

Tunachodai

1. Lista ya masharti ya gari iliyobadilishwa iandikwe, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, na ibandikwe ukutani ambapo hata anayengoja nje anaisoma.

2. Dirisha moja. Kontrole tekniki, karti na plaki zifuatane mahali pamoja, tusitembezwe kama mbuzi wa soko.

3. Bei moja, imeandikwa pamoja na sheria iliyoiweka, inalipwa ku banki, risiti mkononi.

4. Jibu ndani ya siku zinazojulikana. Tukikataliwa, sababu iandikwe na isainiwe, na tuambiwe tubadilishe nini.

5. Wakati tunangoja, karatasi ya muda inayosema dosie imepokelewa, na iheshimiwe na polisi katika majimbo yote.

6. Gari isiyo na breki, yenye gazi inayovuja, yenye watu juu ya kitanda ikitembea, isipite. Hata ikiwa yetu.

Tunachoahidi

Hatutatosha kitanda ili kupita kontrole. Tutaipeleka gari vile ilivyo, mlango wa nyuma wazi, aje apime anayetaka kupima. Kila pesa tutakayolipa kihalali tutaonyesha risiti yake hapa. Kila pesa tutakayoombwa bila risiti tutaandika siku, saa na kiasi, bila jina, mpaka hesabu yenyewe iseme.

Na wewe kijana mwenye minibisi ya saluni, ya kuuza vitumbua, ya kuchaji simu, ya maktaba, ya kulala: swali lako ni letu. Usingoje ukamatwe. Andika barua yako, taja kifungu cha 27, omba muhuri, weka tarehe. Kijana mmoja akiuliza, ni mjinga. Mia wakiuliza siku moja ku dirisha moja, shefu atarudi kutoka misioni.

Papa wa barieri alituuliza kama hii ni motokari ao ni nyumba. Jibu letu: ni motokari, ndani yake watu watatu wanalala bila kumuibia mtu. Tunangoja Leta iandike hivyo.

Miezi mitatu. Tumeanza kuhesabu.

Tuko wengi. Hatuchoki.